Hedifoni zisizo na waya za kusikilizia nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu ubora wa sauti

Ukurasa huu ni wa mtu wa Dar es Salaam anayetafuta hedifoni ya kusikilizia nyumbani: muziki akishatoka kazini, mpira usiku watoto wakiwa wamelala, taarifa ya habari bila kuwasumbua wa chumba cha pili. Nazungumzia zile za kuvaa kichwani, siyo zile ndogo za kuchomeka sikioni. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: ubishi wa "ipi ina sauti nzuri" huamuliwa na mambo matatu ambayo boksi haliyasemi, yaani jinsi mtengenezaji alivyoipanga sauti, jinsi hedifoni inavyokaa kwenye kichwa chako wewe, na kama ulizilinganisha zikiwa na sauti iliyo sawa. Aina ya Bluetooth iliyomo inafuata kwa mbali.

Niko dukani na hedifoni mbili mkononi. Nitajuaje ipi ina sauti bora?

Anza na kusawazisha ukubwa wa sauti. Hapa ndipo wanunuzi wengi wanapoponzeka. Ukisikilizishwa wimbo uleule mara mbili, mara ya pili ukiwa umepandishwa kidogo tu, utaona wa pili ni mzuri zaidi: bezi imeshiba, mwimbaji yuko karibu, vyombo vimefunguka. Nyongeza ya desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) moja au mbili sikio halisemi "sauti imepanda", linasema "hii ni bora". Kwa hiyo hedifoni inayopiga kwa nguvu inashinda hata kama ni mbovu. Mwambie muuzaji, "Kaka, naomba nishushe kidogo, nataka kuzisikia zote kwa kiwango kimoja." Wengi hawana neno.

Usisawazishe kwa kuangalia mstari wa sauti kwenye simu, kwa sababu nusu ya sauti kwenye hedifoni hii siyo nusu ya sauti kwenye ile. Tafuta kipande ambacho mwimbaji yuko karibu peke yake. Vaa ya kwanza, weka sauti mpaka awe kama mtu anayeongea nawe mkiwa mezani. Vaa ya pili, rekebisha mpaka mwimbaji awe palepale. Fuata mwimbaji, usifuate bezi. Ukisawazisha kwa bezi umeshaipendelea moja kabla ya kuanza.

Tumia simu yako mwenyewe, maana ndiyo utakayoitumia nyumbani. Ingia kwenye mipangilio ya sauti uzime kila kiboresha sauti (simu nyingi huja kikiwa kimewashwa) na ekwalaiza (kipengele cha kupandisha na kushusha bezi na sauti za juu) iwe kwenye sifuri. Halafu badilisha harakaharaka: kipande cha sekunde 10 hadi 20 kwenye hii, kipande hichohicho kwenye ile, rudi tena. Kumbukumbu ya sikio kwa mambo madogo ya sauti ni fupi mno. Ukisikiliza wimbo mzima kwenye moja, mkapiga stori na muuzaji, ndipo ukavaa nyingine, unachokilinganisha ni dhana.

Ukishapata inayokuvutia, ivae dakika kumi mfululizo bila kubadilisha. Sauti kali za juu hupendeza kwa dakika mbili za mwanzo, dukani zinaonekana kama "ung'avu". Kufika dakika ya nane sikio linaanza kuchoka na mkono wenyewe unakwenda kupunguza sauti. Mkono huo uamini.

Na mahali pa kujaribia pana uzito wake. Kariakoo, Mtaa wa Aggrey au Msimbazi saa nane mchana, kuna honi, mikokoteni, na spika za maduka zinazoshindana. Kelele za namna hiyo humeza bezi, kwa hiyo hedifoni yenye bezi iliyopitiliza itaonekana ina sauti iliyotulia. Ifikishe nyumbani Mbezi au Kigamboni usiku, bezi ileile inakuwa mzigo. Nenda asubuhi mapema kabla pilika hazijaanza, au jaribu kwenye duka lililo ndani ya jengo kama Mlimani City, hata kama utanunua kwingine.

Nisikilize nyimbo gani wakati wa kujaribu?

Unazozijua kwa moyo. Mimi hupenda kuchanganya aina hizi, kwa sababu kila moja inafichua kitu chake.

Taarabu asilia, ile yenye udi, kanuni, akodioni na safu ya fidla. Vyombo hivi vinapiga kwenye eneo moja la katikati, na vingi vinafuata melodi ileile. Hedifoni nzuri inakuachia umsikie mpiga udi akikwangua nyuzi huku fidla zikiwa nyuma yake. Mbaya inavisaga vyote kuwa uji mmoja.

Muziki wa dansi wa miaka ya 1970 na 1980. Sehemu kubwa ya nyimbo hizo zilirekodiwa kwenye studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, kwenye tepu, na hazina bezi ya chini sana wala sauti za juu sana. Kila kitu kiko katikati: magitaa mawili matatu yanayofumana, gitaa la bezi linalotembea, waimbaji wanaoitikiana. Ndiyo maana ni kipimo kizuri mno. Hedifoni iliyopandishwa sauti za juu itakuletea mvumo wa tepu mbele ya mwimbaji. Iliyojazwa bezi italivimbisha gitaa la bezi mpaka lifunike gitaa la ridhimu. Ukiweza kulifuata gitaa la ridhimu peke yake kutoka mwanzo wa wimbo mpaka mwisho, umeshika hedifoni ya maana.

Singeli. Midundo inapita 200 kwa dakika kwa urahisi. Chukua wimbo wa midundo 240: kila robo ya sekunde pigo jipya. Bezi isiyo na adabu inakuwa haijamaliza kutikisika kutoka pigo la kwanza, la pili limeshafika, na unachosikia ni mngurumo usiokatika. Bezi iliyofungwa vizuri inakupa kila pigo na mwisho wake.

Mwisho, sauti ya mtu anayeongea: msomaji wa habari, mahubiri, kisomo, chochote. Sauti ya binadamu masikio yetu yanaijua kuliko chombo chochote. Sikiliza herufi s, sh na z. Zikikuchoma, hedifoni ina mwinuko mkali juu, na mwinuko huo utakukera kila siku.

Kodeki ni nini, na inaamua ubora wa sauti kwa kiasi gani?

Muziki wa CD unahitaji kilobiti 1,411 kwa sekunde. Bluetooth ya kawaida haina nafasi hiyo, kwa hiyo simu huubana muziki kabla ya kuurusha na hedifoni huufungua. Njia ya kubana na kufungua ndiyo kodeki. Zinazokutana nawe madukani ni hizi: SBC, ambayo kila hedifoni ya Bluetooth ya muziki lazima iwe nayo na ambayo kwa kawaida hufika takriban kilobiti 328, AAC, inayotumiwa na iPhone na simu nyingi za Android, aptX, kilobiti 352, aptX HD, 576, na LDAC ya Sony, yenye ngazi tatu za 330, 660 na 990. Kuna pia LC3, iliyokuja na mfumo mpya wa sauti wa Bluetooth uliotangazwa mwaka 2020, ambayo inatoa sauti nzuri kwa kilobiti chache zaidi.

Kodeki hufanya kazi pale tu ambapo simu na hedifoni zote mbili zinayo. Vinginevyo vinarudi kwenye ile wanayoshirikiana, mara nyingi SBC.

Sasa uzito wake. Ukichukua hedifoni moja ukaisikiliza kwa SBC yenye kasi nzuri kisha kwa LDAC, tofauti ni ndogo, na watu wengi wasipoambiwa ipi ni ipi hawaitambui. Ukichukua hedifoni mbili tofauti, zote kwenye SBC, tofauti anaisikia hata mtoto. Ndiyo maana naumia nikiona mtu anaongeza fedha nyingi kwa ajili ya herufi nne kwenye boksi wakati hedifoni ya bei ya chini kwenye rafu hiyohiyo ina sauti iliyopangwa vizuri zaidi. Sikiliza kwanza, herufi baadaye.

Ukitaka kujua simu yako ya Android inatumia kodeki gani, ingia Mipangilio, Kuhusu simu, bonyeza namba ya toleo la mfumo mara saba mpaka ikuambie umekuwa msanidi programu. Kwenye chaguo za wasanidi kuna kipengele cha kodeki ya sauti ya Bluetooth. LDAC imo kwenye Android tangu toleo la 8.0 la mwaka 2017, ila simu nyingi zikiachiwa zijiamulie huteremsha ngazi yake mawimbi yakichafuka, kwa hiyo "990" ya kwenye boksi si lazima iwe 990 ya sebuleni kwako.

Nina iPhone. Nitafute LDAC au aptX?

Hapana. iPhone inarusha AAC au SBC, basi. Hata muziki usiopunguzwa ubora wa Apple Music, uliokuja mwaka 2021, ukipita kwenye Bluetooth unabanwa kwanza. Fedha ya LDAC iweke kwenye hedifoni inayokaa vizuri kichwani.

Kwa nini hedifoni yangu ya gharama inasikika hovyo?

Kabla ya kuilaumu, angalia unailisha nini. Wimbo uliotoka YouTube, ukabadilishwa kuwa MP3 na tovuti fulani, ukazungushwa kwenye makundi ya WhatsApp, umebanwa mara nyingi na kila mara umepoteza kitu. Hedifoni nzuri ndiyo inayouanika uharibifu huo: matoazi yanalia kama maji yanayochuruzika, na sauti inayumbayumba.

Jambo la pili ni bando. Spotify, iliyofika Tanzania mwaka 2021, inaruhusu kuchagua ubora kuanzia kilobiti 24 kwa sekunde, kiwango cha kuokoa data, hadi 320 au zaidi kwa wanaolipia. Wasiolipia wanaishia 160. Wengi wetu tuliwahi kuweka cha chini ili bando lifike mwisho wa wiki, tukasahau. Pakua nyimbo zako mara moja kwa ubora wa juu ukiwa kwenye Wi-Fi, usikilize bila intaneti. Kutoka kilobiti 24 kwenda 320 ni badiliko kubwa kuliko kodeki yoyote itakayouzwa kwako.

Namba za kwenye boksi zina maana gani?

Kidogo sana. "20 Hz hadi 20,000 Hz", yaani kuanzia bezi ya chini kabisa hadi sauti ya juu kabisa, inaandikwa kwenye ya bei ya mboga na kwenye ya bei ya pikipiki, kwa sababu haisemi sauti hizo zinapanda na kushuka kwa desibeli ngapi njiani, na hapo ndipo ubora ulipo. Ukubwa wa spika, milimita 40 au 50, hauelezi sauti. Bluetooth 5.0 au 5.3 peke yake haiongezi ubora wa muziki. Namba moja tu naiheshimu: saa za betri.

Bezi nzuri ni ipi? Kila mtu ananiambia lake.

Kuna utafiti wa kweli hapa. Watafiti wa Harman, kampuni mama ya JBL na AKG, wakiongozwa na Sean Olive, waliwasikilizisha watu hedifoni zenye mipangilio tofauti bila kuwaonyesha chapa. Wengi walipenda sauti inayofanana na ya spika nzuri ndani ya chumba: bezi iliyoinuliwa kiasi, katikati pametulia, juu pasipo na miiba. Kwa hiyo mtu anayependa bezi kiasi hana haja ya kuona aibu mbele ya wanaojiita wataalamu.

Usiku kuna sababu nyingine. Watafiti Fletcher na Munson walionyesha mwaka 1933 kwamba sauti ikiwa ndogo, sikio hupoteza bezi haraka kuliko sauti za katikati. Mtu anayesikiliza kwa sauti ndogo saa tano usiku anahitaji bezi zaidi ya anayefungulia mchana. Kama wewe ni wa kusikiliza kwa sauti ya chini, fanya majaribio yako ya dukani kwa sauti ya chini vilevile.

Bezi inakuwa mbaya inapopanda hadi kwenye sauti ya mwimbaji wa kiume. Akiimba kama ameziba pua na mto, iache.

Hedifoni hiyohiyo kwa kaka yangu ina bezi, kwangu haina. Ni mbovu?

Karibu kila mara jibu ni upenyo. Hedifoni za kufunika sikio hutegemea sponji kuziba kuzunguka sikio lote. Hewa ikipata pa kutokea, bezi inatoroka nayo. Mkono wa miwani unainua sponji pembeni. Rasta na misuko minene inaacha nafasi nyuma ya sikio. Hijabu ikivaliwa chini ya hedifoni inapitisha hewa kwenye kitambaa, na kadiri kitambaa kilivyo kizito au chenye mikunjo ndivyo bezi inavyopungua.

Jipime: vaa kama kawaida, cheza wimbo wenye bezi, halafu sukuma vikombe vyote viwili kichwani kwa viganja polepole. Bezi ikijaa ghafla, tatizo lako ni upenyo. Dada anayevaa hijabu ajaribu dukani akiwa nayo, asikubali kuambiwa "ukifika nyumbani itakuwa sawa". Kwa hali hiyo sponji nene na laini, zinazolala bila kubana sana, zinafaa kuliko ngumu. Hedifoni zenye kufuta kelele (mfumo wa umeme unaozima kelele za nje) zinaweza kurekebisha sehemu ya upungufu huo kwa sababu zina maikrofoni ndani ya kikombe, ila nazo zina kikomo.

Kufuta kelele kuna faida nyumbani?

Kunategemea kelele zako. Mfumo huu unaweza sana kelele za chini zisizobadilika: feni ya dari, kiyoyozi, friji, jenereta la jirani umeme ukikatika. Washa feni namba tano, vaa hedifoni, washa mfumo. Ule mvumo unatoweka na unaweza kupunguza sauti ya muziki. Kwa Dar, ambako feni haizimwi kuanzia Desemba mpaka Machi, hilo ni jambo kubwa kwa masikio.

Kwa honi za bodaboda, mtoto anayelia au kigodoro cha mtaa wa pili, usitegemee muujiza. Sauti za juu na za ghafla zinazuiwa na sponji zenyewe kuliko umeme, na bezi ya kigodoro inapita hadi kwenye kitanda.

Tahadhari moja: baadhi ya hedifoni hubadilika sauti ukiwasha na ukizima kufuta kelele. Zilinganishe katika hali utakayoitumia. Kama nyumba yako ni tulivu, chukua isiyo na mfumo huo, fedha ileile itakupatia sauti nzuri zaidi.

Bluetooth, redio au infraredi: ipi ina sauti bora kwa TV?

Hedifoni za TV zenye kituo chake cha kuwekea mezani ziko za namna tatu. Za infraredi, mwanga usioonekana kama wa rimoti, zinahitaji kuonana na kituo. Ukigeuka, mtu akikatiza mbele au ukienda jikoni, sauti inakatika. Sizipendekezi.

Za redio ya analojia, kama Sennheiser RS 120 iliyouzwa miaka mingi, hazina ucheleweshaji unaosikika na zinapita ukuta wa tofali. Kasoro yake ni mchirizo wa "ssss" nyuma ya sauti, unaosikika kwenye ukimya wa tamthilia kuliko kwenye mpira. Za redio ya dijitali ya 2.4 GHz, kama RS 175 ya kampuni hiyohiyo, zimeondoa mchirizo huo, na kwa TV ndizo ninazozipenda kuliko zote.

Ila kuna mtego kwa tunaoletewa na ndugu au tunaonunua mtumba. Toleo la Marekani la hedifoni hizi za analojia hurusha karibu na 926 MHz. Toleo la Ulaya hurusha karibu na 863 MHz. Mawimbi ya eneo la 900 ndiyo yanayotumiwa na minara ya simu huku kwetu, kwa hiyo la Marekani linaweza kukuletea mikwaruzo isiyoisha. Soma pia adapta: ikisema 120V tu, usiichomeke kwenye umeme wetu wa 230V. Na umeme ukikatika kituo nacho kinazima, wakati Bluetooth ya simu inaendelea.

Nikitumia Bluetooth kwenye TV, sauti inachelewa. Nifanyeje?

Kodeki za kawaida huchelewesha sauti kwa takriban milisekunde 150 hadi 250, na kuanzia 125 hivi watu wengi wanaona midomo na maneno haviendani. Kwa mpira huenda usijali, mtangazaji haonekani. Kwa msomaji wa habari na tamthilia, itakukera. YouTube kwenye simu haina shida hiyo kwa sababu programu huichelewesha picha kidogo ili vilingane. King'amuzi hakifanyi hivyo.

Angalia kwanza kama TV ina kipengele cha kulinganisha sauti na picha. Kama TV haina Bluetooth, au haiwezi kulinganisha, nunua kisambaza sauti cha Bluetooth chenye aptX Low Latency, kodeki inayochelewa karibu milisekunde 40 tu, pamoja na hedifoni yenye kodeki hiyohiyo. Kimoja kikiwa nayo na kingine hakina, hujafanya kitu. Kisambaza kinachomekwa kwenye tundu la hedifoni la TV, au nyuma ya king'amuzi kwenye matundu mekundu na meupe, au kwenye tundu la sauti la mwanga (lililoandikwa OPTICAL). Ukitumia la mwanga, weka mpangilio wa sauti ya dijitali ya TV kuwa PCM, la sivyo huenda usisikie chochote.

Sauti inakatikakatika nikienda chumbani.

Bluetooth inatumia eneo lilelile la 2.4 GHz la ruta za Wi-Fi na maikrowevu, na kuta za tofali za saruji zinaipunguza sana. Mwili wako pia: simu ikiwa mfuko wa nyuma na antena ya hedifoni iko kikombe cha upande wa pili, tayari kuna kizuizi. Hamisha ruta kwenye 5 GHz kama inaruhusu, na ukiwa unatumia LDAC iteremshe iwe 660 au 330.

Nikipokea simu au nikiingia kikao cha Zoom, muziki na sauti vinakuwa kama redio ya zamani. Kwa nini?

Kwa sababu maikrofoni ikiwashwa, Bluetooth ya kawaida inahama kwenye njia ya mazungumzo, ambayo sauti yake ni nyembamba kwa makusudi. Haijaharibika. Kwenye kompyuta chagua maikrofoni ya kompyuta yenyewe, hedifoni iachie kazi ya kusikiliza tu. Ubora unarudi papo hapo.

Nitajie basi zipi nizitafute.

Kwa bajeti ndogo, Sony WH-CH520 na JBL Tune 510BT zote zinakalia sikio badala ya kulifunika, na zote hazina tundu la waya. Ya Sony ina saa 50 za betri na katikati pake pametulia zaidi. Ya JBL ina saa 40 na inaegemea bezi. Kwa taarabu na dansi naichukua ya Sony bila kusita. Oraimo zimejaa mjini na zingine ni za thamani kwa bei yake, lakini zinatofautiana sana toleo kwa toleo, kwa hiyo sikiliza ile unayoinunua, siyo ya rafiki yako.

Katikati, Sony WH-CH720N na Soundcore Life Q30 zinafunika sikio, zina kufuta kelele na tundu la waya. Q30 ikitoka kwenye boksi imejazwa bezi mno. Itahitaji ekwalaiza ya programu yake.

Juu, Sony WH-1000XM4 na XM5, Sennheiser Momentum 4, Bose QuietComfort na AirPods Max. Zote ni hedifoni nzuri. XM4 inaegemea bezi, Momentum 4 ina betri ya takriban saa 60, AirPods Max ni nzito na ina maana kwa mwenye iPhone tu. Ukiwa umefika bei hiyo, uzito na sponji viamue pamoja na sauti, maana utaivaa saa tatu nne.

Ekwalaiza ni udanganyifu?

Hapana, ni dawa. Ila punguza badala ya kuongeza. Mwimbaji akifunikwa, shusha bezi desibeli mbili au tatu kabla ya kumpandisha yeye. Ukipandisha kila kitu sauti inaanza kupasuka.

Nitaitambuaje feki?

Programu rasmi ya mtengenezaji ndiyo kipimo cha haraka: iweke kwenye simu kabla ya kwenda dukani, na hedifoni ya kweli ya chapa hiyo inayotumia programu itaonekana ndani yake na kukubali masasisho. Boksi likisema LDAC na simu yako inayo, lakini chaguo za wasanidi hazionyeshi LDAC hata baada ya kuiwasha kwenye programu ya hedifoni, rudisha. Kufuta kelele kujaribiwe mbele ya feni; feki nyingi huwasha taa tu. Namba ya utambulisho ya AirPods Max angalia kwenye tovuti ya Apple, ingawa nayo hunakiliwa, kwa hiyo isiwe kipimo pekee. Dai risiti yenye jina la toleo.

Ninamnunulia mzazi wangu mwenye umri mkubwa. Nizingatie nini?

Umri hupunguza uwezo wa kusikia sauti za juu, na humo ndimo zilimo konsonanti zinazotofautisha maneno. Mzee anayesema "nasikia ila sielewi wanachosema" haombi sauti kubwa, anaomba uwazi. Mtafutie yenye mazungumzo yaliyo mbele na bezi kidogo, vitufe vikubwa vya kubonyeza na si vya kugusa, na kituo cha kuchajia ambacho anaiweka tu juu yake. Sennheiser RS 195 ilitengenezwa na mipangilio ya usikivu kwa ajili ya watu wa namna hii. Usimnunulie bila kumvalisha kwanza.

Nisikilize kwa sauti kiasi gani bila kuumiza masikio?

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na watoto desibeli 75. Kila desibeli 3 zinazoongezeka zinakata muda huo nusu: 83 ni saa 20, 86 ni saa 10. Simu nyingi za sasa zinaonyesha kiwango cha sauti au zinaweza kuwekewa kikomo. Kiwashe, hasa kwenye simu ya mtoto.

Joto na unyevu wa Dar vinaathiri sauti?

Vinaathiri sponji, na sponji ni sauti. Ngozi bandia ikishalowa jasho kila siku hukauka, huchanika na kumenyuka vipande vyeusi shingoni. Ikifika hapo haizibi tena, na bezi imekwenda. Ifute kwa kitambaa kikavu baada ya kuivaa, usiiache dirishani wala ndani ya gari juani. Betri ya lithiamu inachoka haraka kwenye joto.

Nikibadilisha sponji kwa fundi, sauti inarudi kama zamani?

Inarudi kama sponji mpya zina unene, upana wa tundu na ngozi sawa na za mwanzo. Za kitambaa zinapoa vizuri lakini zinapitisha hewa, bezi inapungua. Nene zaidi husogeza spika mbali na sikio. Badilisha upande mmoja kwanza, cheza wimbo unaoujua, sikiliza kama mwimbaji bado yuko katikati ya kichwa au amehamia upande mmoja. Akihama, mwambie fundi atafute jozi nyingine kabla hajagusa upande wa pili.